Gari Limepona, Dada Yako Amegoma

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Shemeji,

Kwa niaba ya familia, majirani wa pande zote mbili na yule paka anayelala juu ya boneti, natangaza rasmi kwamba lile gari dogo la bluu ulilotuachia lilipatwa na maradhi ya kupiga chafya, likalazwa gereji, likatibiwa, na sasa limepona kabisa. Wananchi wanaombwa wawe watulivu. Mazishi yameahirishwa.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko machimboni? Kifua kinasemaje na lile vumbi la mawe? Bado unalala katikati ya wale wenzako wanaokoroma kwa kupokezana? Mimi ni mzima, isipokuwa macho na mgongo, yaani vitu viwili tu ambavyo fundi saa anavihitaji. Mpwa wako hajambo. Anaendelea kuniambia kuwa mimi ni mzee wa hovyo, na safari hii namwunga mkono.

Kuhusu dada yako, nipe nafasi kidogo. Nitafika. Nazunguka kama mgeni anayeona haya kuuliza choo kiko wapi.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, yule mnene, kwa sababu simu yako haishiki. Kila nikipiga napokelewa na yule mwanamke wa kampuni, ananiambia kwa adabu kuwa mteja hapatikani. Tumeongea naye sana juzi na jana. Nikiendelea hivi itabidi niende kwao kujitambulisha.

Sasa, hilo gari. Unajua lina tabo, ile pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Unajua pia kwamba ukiinua mguu na kuachia mafuta ghafla hewa ile hukosa pa kwenda, ndiyo maana watengenezaji wakaweka valvu ndogo ya kuipunguza. Valvu ya gari lako ilikuwa ya siri, hewa iliyozidi inairudisha kimyakimya nyuma ya tabo, hakuna anayejua. Mimi nikaenda duka la spea nikakuta nyingine, inang'aa kama kitasa cha ofisi ya mkurugenzi. Muuzaji akanishika mkono.

"Mzee, hii hairudishi kitu. Ukiachia mafuta inatema nje, pshaaa! Mtaa mzima unageuka."

"Mimi nina umri gani wa kugeukiwa na mtaa?"

"Ndiyo umri wenyewe, mzee. Ukingoja zaidi watageuka kukusaidia kuvuka barabara."

Basi nikaibeba. Jumanne mchana nikafungua boneti na kuifunga mwenyewe. Usicheke. Mtu anayeweza kurudisha springi ndani ya saa ya mkononi ya mwanamke hawezi kushindwa na vibano viwili na mpira mmoja. Nilishindwa kwenye kitu kimoja tu. Valvu ya zamani ilikuwa na midomo miwili, wa kupokea hewa na wa kuirudisha. Mpya ina mdomo mmoja tu wa kufungwa, mwingine uko wazi. Kwa hiyo bomba la kurudishia likabaki na tundu linanikodolea macho. Shemeji, unanijua mimi na matundu. Vumbi ni adui wa kazi yangu. Nikachonga kizibo cha shaba kutoka kwenye pendulamu ya saa ya ukutani iliyokufa, nikakisugua, nikakikaza pale. Kilikaa vizuri mno, nikamwita mpwa wako aje akione. Alikiona. Akaniuliza kama nimekula.

Valvu ya zamani nikaipeleka mezani kwangu nione imeumbwaje ndani. Nikaifungua kwa bisibisi ya saa, na ule utando wake wa mpira ukachanika. Hapo ndipo fundi saa alipojifungia njia ya kurudi.

Jumatano, kama Jumatatu na Ijumaa, ni siku ya dada yako ya kusafishwa damu. Tukatoka asubuhi kama kawaida. Tulipokaribia mzunguko ule wa hospitali nikaachia mafuta, gari likapiga chafya, likatoa moshi mweusi, likazima. Nikawasha, likawaka. Nikaachia, likazima. Tukakaa hapo mpaka fundi alipokuja kutuvuta, na saa yake ya kulala kwenye mashine ikawa imepita.

Huyo fundi ni yule wa nyuma ya shule tunayemwita Mzee Kimya kwa sababu hanyamazi. Alifungua boneti, akatazama, akaniangalia mimi, akatazama tena.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi."

"Saa zimekwisha mjini?"

Akanieleza huku akifuta mikono. Kumbe mwanzoni mwa bomba kuna kidude kinachopima hewa inayoingia, nacho kinaiambia kompyuta ya gari: leta mafuta ya kutosha hewa hii. Mafuta yanaletwa. Mimi nami naachia mguu, hewa iliyokwisha kupimwa naitema barabarani. Mafuta yamefika, hewa haipo. Injini inazama kwenye mafuta, inakohoa, inakata roho. Magari mengine yanavumilia, hili lako ni la hesabu kali. Akagusa kile kizibo changu kwa kidole. "Hiki kizuri," akasema. "Hakina kazi hapa, lakini kizuri." Akatafuta valvu kuukuu ya aina ile ile ya zamani, akafungua bomba langu, akarudisha kila kitu mahali pake. Alhamisi jioni gari lilikuwa linanyamaza kama zamani.

Hayo ndiyo ya gari. Sasa nimefika chooni.

Dada yako amekataa kwenda tena hospitali. Ijumaa nilimwashia gari, nikalipasha moto, nikafungua mlango wa upande wake. Hakutoka. Nikadhani haliamini gari, nikamwita jirani mshonaji aje na lake. Hakutoka. Nikaleta teksi mpaka mlangoni, dereva akapiga honi. Akamtuma mpwa wako ampe dereva maji ya kunywa na kumwambia aende salama.

"Nimechoka kuchomwa," aliniambia. "Mkono umekuwa chujio. Wiki nzima nina siku za mashine, na siku za kulala kwa sababu ya mashine. Niache niwe mke wako kidogo."

Nilimtania, kama kawaida yetu. Nikamwambia mke wangu ni mgonjwa mmoja mrembo ambaye ana miadi. Hakucheka. Nilibembeleza. Nilikasirika pia, nikapandisha sauti, kisha nikaenda kukaa kwenye meza yangu na kushika saa ya mteja bila kuifanya chochote. Mpwa wako alimpigia magoti. Dada yako alimwinua, akamfuta machozi kwa ncha ya khanga, akamwambia akachambue mchele.

Daktari nimempigia. Hakunificha. Tangu Jumatatu damu yake haijasafishwa, na uchafu na maji havina pa kutokea. Amesema nimlete saa yoyote, hata leo, hata kesho Jumapili, mlango uko wazi na mashine watamtafutia. Amesema pia tukifika Jumatatu hii bila mashine, yeye hawezi kuniahidi. Nilimwuliza hawezi kuniahidi nini. Akasema, "Mzee, mlete tu."

Miguu yake imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Jana amelala ameketi, amezungukwa na mito, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Asubuhi hii amevaa viatu vyangu. Amenizungusha navyo sebuleni akiniiga ninavyotembea, na mimi nimecheka kwa sababu nikiacha kucheka atajua kuwa naogopa. Shemeji, naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Ukitazama mwandiko huu utadhani nimeandika juu ya punda.

Ninachoomba ni hiki. Ukimaliza kusoma, usikae chini kunijibu. Panda lori lile lile urudi na dereva, nimeshaongea naye, anapakua na kugeuza papo hapo. Mweleze msimamizi wako ukweli, na akikataa, njoo. Mimi sina tena neno jipya la kumwambia dada yako, yote anayajua na majibu anayo. Lakini wewe alikubeba mgongoni kabla hajajua kusoma. Alikuwa akikutafunia nyama ulipokuwa huna meno, na bado anasimulia hilo mbele ya wageni, unajua mwenyewe. Wewe ukisimama mlangoni na vumbi lako la mawe ukasema, "Dada, vaa viatu vyako," kuna uwezekano atavivaa. Mimi nimebakiwa na uwezekano huo tu.

Nisalimie wale wakoromaji wawili, msimamizi wako, na yule mpishi aliyetutumia pilipili. Mpwa wako anakusalimu na anasema uje mikono mitupu, usitafute zawadi. Mshonaji naye anakusalimu, suruali yako iko tayari tangu mwaka jana. Dada yako sijamwambia kuwa nakuandikia, lakini kama angejua angesema ule vizuri.

Mungu akukinge na mawe yanayoruka na lori lisilo na breki, akufikishe kwetu ukiwa mzima na mapema.

Mimi nikupendaye kuliko utani wetu unavyoonyesha,

Shemeji yako, fundi saa.

Shemeji, nilikuwa nimeshaikunja karatasi. Dereva bado anafunga turubai, naye amesema nisubiri. Nimeikunjua tena kwa sababu utakuja hapa umebeba maneno yangu, na dada yako atayapangua kwa sentensi moja. Habari ya mzunguko ndiyo niliyompa daktari, na mpwa wako, na kila aliyeuliza. Haikuwa hivyo.

Ile valvu sikuinunua kwa ujana wa uzeeni. Siku moja, mvua zilipokuwa zinaanza, nilikuwa namtoa dada yako hospitali. Unajua anavyotoka pale, uso wa jivu, kichwa kwenye kioo, haongei mpaka nyumbani. Kijana mmoja akatupita na gari lake, akaachia mafuta, pshaaa. Dada yako akainua kichwa. "Hilo gari limenisonya?" akauliza. Akaanza kucheka. Njia nzima akaliiga kwa mdomo, akalisonya duka, akamsonya trafiki, akanisonya mimi. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu augue. Nikajiambia, kama ni kidude cha chuma kinachomchekesha, kidude nitakipata.

Basi Jumatano asubuhi tulipoingia barabara kubwa nikakanyaga, nikaachia. Pshaaa. Akashtuka, akanitazama, akaelewa. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Tena," akasema.

Nikarudia. Akasema hili gari lina dharau kama mawifi zake. Akaanza kuligawia kazi: huyu msonye, huyu mwache ni mgonjwa kama mimi. Tukafika geti la hospitali. Mlinzi anatujua, alishaliona gari na akawa ameinua kile chuma cha kuzuia magari. Dada yako akasema, taratibu, "Tena, mume wangu."

Sikukata kona, Shemeji. Nilimwona mlinzi kwenye kioo, bado ameshikilia chuma juu, anatushangaa. Nikapita. Tukatoka mjini, tukapanda vilima vya kule kwenye viwanda vya matofali, madirisha wazi, yeye ameshika mtandio usiruke, gari linapiga chafya kila kona. Kwenye mteremko ndipo likatoa ule moshi na kuzima kabisa.

Muda ulikuwa bado unatosha. Nataka ulijue hilo. Mtu mmoja mwenye pikapu alisimama, akauliza kama anaweza kutusogeza mjini. Dada yako akamwambia, "Asante kaka, tumefika." Yule mtu akanitazama mimi, anangoja neno la mwenye gari. Nikampungia mkono aende.

Tukakaa tukitazama barabara. Akaegemeza kichwa begani kwangu akasema, "Umeona? Leo sijachomwa, na sijafa." Na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa na furaha, nikamjibu, "Ndiyo, mke wangu."

Tangu hapo kila nikimwambia twende, ananiuliza kwani si mimi niliyesema ndiyo. Nimefungua mdomo mara nyingi nimwambie siku ile ilikuwa kosa, ilikuwa mbaya, na haitoki, kwa sababu haikuwa mbaya. Ilikuwa siku yetu nzuri kuliko zote tangu aanze kuugua, na yeye anajua kuwa mimi najua. Kwa hiyo njoo wewe, ambaye hukuwamo ndani ya gari.