Cheti Nilichokiweka kwenye Simu ya Mama

Kumsenga,
Kibondo.
12 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Divine,

Amahoro? Hujambo wewe na wanafunzi wako huko Kasulu? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sisi tu wazima. Maharage tumeshapura, na Bibi sasa anatembea bila fimbo.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu Mama angeusoma.

Mwezi uliopita nilikuwa na simu yake, nikakuta ukurasa wa riwaya za bure. Ulitaka kwanza niweke kwenye simu faili wanaloliita cheti cha usalama. Nilipoona neno usalama sikuhoji; nikaingiza namba ya siri nikakubali. Riwaya zenyewe hazikufunguka.

Unakumbuka nyumbani hatuna umeme. Simu tunachajisha dukani kwa Saady, na kila mtu hubandika nyuma ya simu karatasi yenye jina na namba ya siri, ili ukija ujumbe wa msiba au wa hospitali Saady ausome na kutuma mtu.

Kesho yake Mama alipoichukua simu dukani, ilikuwa na maneno kwamba huenda mtandao unafuatiliwa. Baba akasema, "Nani mwingine anayo namba yetu? Ni Saady huyo!" Mama akawaeleza wanakwaya wenzake, nao wote wakahamisha simu zao. Mimi nilikuwa pale pale namenya ndizi; nilikikumbuka kile cheti, nikaendelea kumenya. Sasa nasikia Saady anataka kufunga duka arudi kwao. Ana watoto wanne, Mama mdogo, na hajamkosea mtu.

Niliiacha barua hapo. Leo ni Jumatatu, naimalizia.

Ijumaa nilifungua mipangilio ya simu, upande wa usalama, nikakikuta cheti kina jina la ule ukurasa; kumbe ndicho kilicholeta yale maneno ya kufuatiliwa. Nilimwonyesha Mama, nikakifuta, tukabadilisha namba ya siri. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Siku zote hizo ulikuwa unanitazama nikimsema mtu wa watu?"

Jumamosi tulikwenda kwa Saady. Nilisimulia yote nikiangalia chini. Akacheka. "Yaani jambazi wangu ndiye huyu msoma vitabu, hata salamu hutoa kwa shida?" Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini Mama Theo, hao wanakwaya wako nitawafuata mlango kwa mlango?"

Mama akasema atawaeleza. Nikasema nitawaeleza mimi, maana kosa ni langu. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Baba ameshakwenda kumwomba radhi Saady, na nyumbani tunacheka tena. Msalimie Baba mdogo Marselino, na umbusu Fidele. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Jana baada ya ibada nilisimama mbele ya kwaya. Nikasema cheti nilikiweka mimi, Saady hana kosa lolote. Wengine waliguna, mmoja akaniita kichwa maji. Nikatandika kitenge changu kwenye benchi, nikawaomba simu zilizoishiwa chaji. Zilipatikana kumi na moja. Nilizifunga humo, nikazibeba hadi dukani, nikamkabidhi Saady moja moja.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Theodosia