Seli Zimekubali Kufa

Jumapili, Nyakato

Zimekufa! Neema, msaidizi wangu wa maabara, alipiga simu mchana nikiwa jikoni kwa mama nakaanga sato. "Dada, nimerudia jaribio mara ya tatu. Seli za saratani zimekufa karibu zote, zile nzima ziko hai." Nikakaa sakafuni.

Miaka sita ya kutafuta dawa hii! Na mwaka jana msimamizi wangu aliniambia niachane nayo. Bado inaniuma.

Mama aliuliza nalia nini. Nikamweleza kuwa seli ikiharibika inapaswa kujiua yenyewe, ila za saratani hazifanyi hivyo.

"Kumbe zinakataaga kufa?"

"Ndiyo, mama. Sasa dawa yetu imezilazimisha."

Akageuza samaki kikaangoni. Baba alikufa kwa saratani ya koo, hata uji ulikuwa haupiti.

"Watu wataipata lini?"

Sikumdanganya. Tumejaribu kwenye vyombo vya maabara tu. Panya bado, binadamu bado kabisa. Naogopa huko mbele inaweza kushindwa.

"Utaendelea," alisema, kisha akatoka uani akapiga vigelegele. Majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

"Haolewi mtu. Mwanangu ameua saratani!"

Nilitaka kumsahihisha. Nikaenda kupiga vigelegele naye.