Mvumo wa Sekunde Mbili

Dubois, Wyoming
Alhamisi, 12 Oktoba

Kwa wifi yangu Arlene,

Salamu nyingi zikufikie hapo Pocatello, wewe na goti lako lililopasuliwa. Je, unapanda ngazi sasa, au bado unalala sebuleni? Mimi mwili hauna neno. Theluji imeanza kudondoka, na wasafiri wenzangu karibu wote wamekimbilia kusini. Nami ningekwisha kuondoka, ila gari-nyumba la kaka yako Orrin liligoma.

Liligoma Jumatatu. Stata ilizungusha injini vizuri, lakini injini haikushika. Unajua Orrin alivyokuwa akisema: fungua swichi, usipige stata, sikiliza nyuma kwenye tangi, pampu ya petroli itavuma sekunde mbili, kisha itanyamaza. Safari hii haikuvuma. Lakini mchana uleule, nikimenya viazi na ufunguo uko mezani mbele ya macho yangu, niliisikia ikivuma chini ya kitanda cha Orrin. Sekunde mbili, kisha kimya. Jumanne ikavuma tena. Nikahamishia blanketi langu kwenye kochi la mbele, na chumba kile cha nyuma chenye kitanda nikakifunga.

Jana jirani yangu, Dot Haugen, alikuja na sanduku la spana. Ni mama wa miaka sabini aliyetengeneza mabasi ya shule maisha yake yote, na mdomo wake hauna breki. Nilimwambia nahofia gari lina mtu ndani. Akasema katika magari yote aliyoyafungua amekutana na pepo mmoja tu, naye anaitwa kutu. Alibadilisha fyuzi, akatoa rilei ya honi, ile swichi ndogo ya umeme, akaiweka mahali pa ile ya pampu, wapi. Akatandika gunia, akaingia uvunguni mwa gari, akanituma nifungue swichi nisikilize.

Nilikaa kwenye usukani, nikashika ufunguo, nisiuzungushe. Akaniuliza kama nasikia chochote. Alipotoka chini alinikuta nalia.

“Dada, hii ni pampu tu,” akasema. “Nani aliyekufa?”

Yeye sikumjibu. Nakujibu wewe.

Miaka mitatu iliyopita niliwaambia nyote kwamba Orrin aliposhikwa na kifua kule mlimani, gari lilikataa kuwaka kwa saa nzima. Arlene, halikukataa. Aliniambia niendeshe tushuke hospitali. Theluji ilikuwa imefunika barabara, kando yake korongo, na mimi sikuwahi kuliendesha ila kwenye uwanja wa maegesho. Nilikaa na ufunguo mkononi, nikaogopa lile korongo, nikamwambia, “Haliwaki.”

Aliniamini. Akiwa kitandani, jasho likimtoka, akaanza kunielekeza. Akauliza kama pampu inavuma, nikasema haivumi. Akaniambia nitazame fyuzi. Nikafungua kisanduku, nikakifunga. Akaniambia nitoke nigonge tangi taratibu kwa nyundo. Nikatoka, nikasimama tu kwenye theluji, nikarudi.

“Usiogope, Twyla,” akasema. “Jaribu tena. Litashika tu.”

Pumzi zake za mwisho kaka yako alizitumia kutengeneza gari lililokuwa zima. Nilipopata moyo wa kuzungusha ufunguo, liliwaka mara moja. Nikamwita anisikie. Alikuwa amekwisha kunyamaza. Nikashuka mlima ule peke yangu, na gari halikuteleza hata mara moja.

Dot alikuta waya wa ethi wa pampu, ule unaorudisha umeme, umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye chesisi, fremu ya gari. Akausugua, akaukaza, gari likawaka. Nikamshukuru. Leo mchana, injini imezimwa, nimesikia tena mvumo nyuma ya mlango ule. Nimeufungua mlango, nimekaa kitandani pa Orrin, ndipo nikaanza kukuandikia.

Ijumaa ya wiki ijayo nitakuja kwako, kwa barabara ileile ya mlimani. Nimetanguliza barua ili usome bila kunitazama usoni. Nitabisha mara moja tu. Usipofungua, nitaacha miwani ya Orrin na saa yake kibarazani, nami sitakusumbua tena.

Wape wajukuu busu zangu. Goti ulifanyie mazoezi hata likiuma.

Ni mimi wifi yako, kama bado unaniruhusu kujiita hivyo,

Twyla