Sanduku la Keki Ishirini na Nne

Okayama,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Hisano,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na shemeji na Chinatsu. Goti lako linasemaje tangu baridi ianze? Na ule mchungwa wa nyuma ya nyumba, mmeuvuna safari hii, au nyani wamewawahi tena? Mimi mwili ni mzima. Ila kichwa kinafuka moshi tangu Ijumaa.

Najua ukiifungua barua hii utatafuta mstari mmoja tu, ule wa kazi ya mwanao Chinatsu kwenye kampuni ya mume wangu. Nitaufikia, dada. Lakini nisipoanza na safari yetu ya Matsue hutanielewa, na nisipoitoa nitapasuka.

Unakumbuka fungate letu liliishaje. Tulikwenda Matsue siku tatu, na siku ya pili ofisi ikampigia simu Kunihiko, tukapanda treni kurudi kabla sijanywa chai kwenye ile nyumba ya chai inayotazama ngome. Aliniahidi tutarudi. Imekuwa miaka ishirini na tisa. Basi wiki iliyopita akaniambia ameomba ruhusa ya Ijumaa moja, twende asubuhi turudi jioni, na chai yangu nitaikuta palepale. Nilifurahi nikapiga pasi hata soksi.

Tulipotoka tu kituoni Matsue, akageukia maduka ya zawadi. Sasa, mtu akiomba ruhusa kazini lazima arudi na sanduku la keki kwa wenzake waliomshikia kazi, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni hesabu yake. Idara yao ina watu ishirini na nne ukimtoa yeye, na masanduku ya Matsue ni ya nane, ya kumi na mbili, ya ishirini na ya thelathini. Nikamwambia achukue mawili ya kumi na mbili tuondoke. Akanitazama kana kwamba nimemwambia awapelekee makombo. Mawili, Fumie? Wataona mtu aliyesahau nusu ya ofisi akarudi dukani mbio. Basi chukua la thelathini, nikasema. Na zile sita zitakazobaki mezani? Tani atajibebea mbili, Okumura atanuna wiki nzima, na lawama zote kwangu.

Tuliingia maduka manne, dada. Katika kila duka aliuliza maswali yaleyale kwa sauti ileile ya upole inayonitia wazimu. Je, kila keki imefungwa peke yake? Ofisini hakuna kisu. Zitafika Jumatatu hazijaharibika? Hizi za ufuta ni ngumu? Maana Bi Sugaya wa mapokezi ana meno mabovu. Msichana wa duka la tatu alimsifia, akasema wenzake wana bahati ya kuwa na mkubwa anayewajua hivyo. Mimi nilikuwa nyuma yake nimesimama kwa mguu mmoja, viatu vinanibana.

Duka la tano ndilo lililokuwa na sanduku la keki za unga wa mchele zenye maharage mekundu ndani, laini, ishirini na nne kamili. Akainama kumshukuru muuzaji utadhani kapewa figo. Kisha akaifunga kadi yake ya kazi kwenye mpini wa mfuko, kama afanyavyo siku zote, usije ukapotea.

Ngomeni kuna makabati ya kuwekea mizigo bure. Akakataa kuuacha mfuko. Zile ngazi za ndani zimesimama wima kama za kupandia darini, mbao zimeng'arishwa na nyayo za watu, na wote tumevua viatu tuko na soksi. Mkono mmoja ameshika ubao, wa pili umeshika keki, na mimi nyuma namsukuma asije akaniangukia. Nililipa kiingilio nikaangalie ziwa, nikaangalia makalio ya suruali ya mume wangu ghorofa tano. Tulipofika juu, ziwa lilikuwa linameta lote, watu wanapiga picha, na yeye kapiga magoti kwenye kona anachungulia mfukoni kama sanduku limelala upande.

Nikajiambia, mezani nitatulia. Tulipata mgahawa mdogo wa tambi za soba karibu na handaki la ngome, wa mama mmoja mnene anayecheka na kila mtu. Nikaletewa mabakuli yangu matatu yamepandana, pamoja na supu ya kombe wadogo wa ziwani, ile inayokufanya usahau ulikuwa umekasirika. Nikasahau kwa mabakuli mawili. Kufika la tatu Kunihiko alishaanza kutazama saa. Alimwambia yule mama kwamba tunawahi treni ya saa kumi na dakika hamsini, atuletee hesabu mapema. Nililiacha bakuli lina tambi ndani, mimi, unayenijua. Tulipofika nyumba ya chai, dada mmoja wa pale alikuwa anashusha pazia la mlangoni. Akatuomba radhi mno. Tulikuwa tumechelewa dakika tano.

Tukatembea mpaka kituoni. Kunihiko akaninunulia chupa ya chai kwenye mashine, akaniwekea mkononi. Sikuifungua. Hapo ndipo alipotazama mikono yake akaona mfuko haupo.

Nimeishi na mwanamume huyu miaka ishirini na tisa, nimemwona akimzika baba yake, na sijamwona akigeuka rangi namna ile. Alitaka kurudi mgahawani. Nikamwambia treni imebakiza dakika kumi na mbili. Akasema atapanda inayofuata. Hapo nilimtolea yote, dada, mbele ya watu. Nilimwambia siku hii ilikuwa yangu, nimepewa siku moja katika miaka ishirini na tisa na hata hiyo ameigawa vipande ishirini na vinne akawapelekea watu wa ofisini, na kama angewapenda kidogo zaidi angeoa mmoja wao. Alisimama tu, mikono inaning'inia.

Mara nikamwona yule mama wa soba anaingia kwa baiskeli hadi karibu na lango, aproni bado kiunoni, mfuko kwenye kikapu. Alikuwa anahema. Akamkabidhi Kunihiko kwa mikono miwili, akaomba radhi kwamba hakuuona mapema. Kisha akasema, kwa unyenyekevu mwingi, "Nilipiga kwanza namba iliyo kwenye kadi yako, bwana, nikidhani watakujulisha. Wakaniambia Bwana Moriwaki hayupo pale tangu mwezi wa tatu. Nikasema basi, ulinitajia treni, ngoja nije mwenyewe." Alipomaliza kusema akaniona mimi, akaelewa. Akainama mara tatu, masikini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Kunihiko naye akainama, akabaki ameinama muda mrefu kuliko unaostahili mfuko wa keki.

Kwenye treni tulikaa zaidi ya saa nzima. Halafu akaliweka sanduku magotini, akabandua karatasi bila kuichana, kona moja baada ya nyingine. Dada, unajua sanduku la ofisini halifunguliwi njiani. Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu taratibu, akainua kifuniko, akanipa keki ya kwanza, akachukua moja yeye.

Ndipo aliposema. Idara ilifungwa mwezi wa tatu. Yeye ndiye aliyetumwa kuwapa barua wote ishirini na nne, mmoja mmoja, na jioni akapewa ya kwake. Tani ameshahamia kwa wazazi wake. Habari za Bi Sugaya hajazisikia tena. Tangu hapo kila asubuhi anatoka na begi, anashinda maktaba, na chakula ninachomfungia anakula kwenye benchi kando ya mto. Nikamuuliza keki zile alikuwa anampelekea nani. Akasema hajui. Akasema alipoliona duka la kwanza tu, miguu ilikwenda yenyewe, na alipoanza kuwataja majina akaona raha.

Sasa nimefika kwenye mstari wako, na hapa si Kunihiko tena wa kulaumiwa, ni mimi. Mwezi wa nne alinijibu kwamba ameshamwombea Chinatsu nafasi, nami nikakwambia. Huo ulikuwa uongo wake. Lakini mwezi wa sita, mvua zilipokuwa zinanyesha mfululizo, nilikuta kwenye begi lake kijitabu cha maktaba chenye mihuri ya kila siku ya kazi. Nilikirudisha palepale. Wewe ulinipigia simu ya pili nikakwambia jambo linakwenda vizuri. Ukanipigia mwezi wa tisa nikakwambia tena, wakati huo nimeshakuwa na hakika kwamba haendi kazini, na hata Matsue nilimgombeza kwa ajili ya ofisi niliyojua hayumo. Ningemuuliza siku moja tu ningejua yote. Sikuuliza kwa sababu kila uliponipigia ulinishukuru, na ukasema Fumie ndiye atakayemwokoa mtoto. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilipenda kusikia, dada, hivyo tu.

Hakuna kazi. Haikuwahi kuwepo. Uliniambia ushirika wa wakulima wa kwenu umempa Chinatsu nafasi, na unangoja jibu mpaka Ijumaa hii. Akubali leo hii, kabla hujamaliza kuisoma barua hii. Usimwachie nafasi ya kufikiri. Akikuuliza kwa nini nilimpotezea miezi saba, mwambie nitakuja kumjibu mwenyewe uso kwa uso, siku yoyote atakayotaka kuniona, na asipotaka nitaelewa.

Mume wangu anawaomba radhi, wewe na shemeji. Amekaa hapa mezani, hajavaa tai, hajui afanye nini na mikono yake. Nimemwambia Jumatatu tutatafuta benchi la watu wawili.

Msalimie sana shemeji, na nyani uwaachie machungwa ya juu usiyoyafikia, usipande ngazi na goti hilo. Pamoja na barua hii nakutumia sanduku. Najua ni aibu kuomba radhi kwa sanduku lililofunguliwa, lakini ndilo tulilonalo, na keki ni za kuliwa kabla ya Jumatano. Zimebaki ishirini na mbili. Zile mbili tulizila na ile chai ya mashine, ilikuwa imepoa, na nilikunywa yote.

Mdogo wako mkosaji,
Fumie