Spika Sita za Patroni

Mama yangu mupenzi,

Amahoro toka Rumonge. Mgongo wako unaendeleaje? Mihogo ya huko Uvira imekomaa? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imenichafuka, na bora nikueleze.

Unajua nafanya kazi kwa yule patroni muuza mawese, namtengenezea redio na friji zake. Alinunua ordinateri, kompyuta ya nyumbani, akanipeleka Bujumbura nimchagulie spika. Nilimwonyesha mbili ndogo, safi, za kutosha chumba. Akakunja pua. Alitaka zile sita: tano za kumzunguka, na moja kubwa ya kukaa chini na kunguruma. Muuzaji akaweka filamu ya vita, risasi zikalia nyuma ya masikio yetu, patroni akacheka kama mtoto aliyepewa sukari. Mama, mtu anatoka Rumonge, bunduki zinalia milimani, anakwenda mjini kununua nyingine za kusikiliza! 

Hapa kwetu jioni redio zinashushwa sauti, hata kutwanga kunaachwa, maana masikio ndiyo walinzi wetu. Bibi Zaituni, mwenye nyumba yangu, ana mguu mbovu. Akisikia risasi mapema, anafika kujificha kwenye matete ya ziwani. Akichelewa, basi tena.

Siku patroni alipofungulia spika zake, kartiye nzima, nyumba kwa nyumba, ilikimbia na magodoro kichwani. Bibi akaanguka kwenye matope. Tulikwenda kumsihi patroni, akasema ni nyumba yake na sisi tutazoea. Na kweli watu walizoea, ndicho kinachonikera zaidi.

Juzi, jua halijazama, risasi zikalia upande wa Kizuka. Nilikuwa mlangoni nahangaika na redio ya betri. Bibi alikuwa anageuza samaki wa ndagala jikoni, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ni sinema ya patroni. Mimi nimechoka kukimbia sinema."

Nikatazama betri mkononi mwangu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Bibi, umeme hakuna."

Alinitazama mara moja, akatupa mwiko. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye matete, nikiwapigia majirani kelele maneno hayo hayo. Wengi walitoka. Mshona nguo wa jirani alibaki kwenye cherehani yake. Tumemzika jana. Patroni yeye alikwisha toroka kwa gari, wa kwanza kabisa.

Leo amerudi, akaniita. Nilidhani ana aibu. Kumbe anataka nimchagulie jenereta isiyo na kelele, ili umeme ukikatika spika ziendelee kulia. Puu! Umeme kukatika ndiyo alama pekee tuliyobaki nayo ya kujua risasi za kweli. Nimemrudishia funguo zake, achague mwenyewe. Najua atapata fundi mwingine.

Nisalimie dada yangu muuza samaki, mjomba mwenye mtumbwi, na shangazi wa kwaya. Bibi Zaituni anakusalimu pia. Kila jioni, kabla ya kuinjika sufuria, ananiuliza, "Umeme iko?" Nikisema hakuna, anatulia, anajua masikio yake hayatamdanganya. Nikisema iko, anavaa viatu.

Mwanao wa ng'ambo ya ziwa,
Eliya