Mtoto Mwenye Sura Mbaya

Kijijini, Roi Et

Kwako Mama mdogo Buppha,

Shikamoo. Bibi hajambo, na kuku wake mweusi ametotoa chini ya ghala la mpunga.

Jana ulipotupigia simu kutuambia kwamba umerudishwa kwenye kazi yako ya uyaya huko Bangkok, na umembeba tena mtoto uliyemlea, Bibi alilia akasingizia moshi wa pilipili.

Blogu yako ndiyo iliyonifundisha kuandika. Ulipoandika humo, "Leo kadogo kangu kana sura mbaya kweli!" tulicheka, maana nani asiyejua kwamba mtoto mzuri hasifiwi, mizimu isije ikamtamani? Lakini bosi wako ni mgeni. Simu yake ilimtafsiria neno kwa neno, naye akakufukuza. Niliogopa sana. Nikaandika maoni chini ya habari ile, na Mwalimu Rawiwan akanisahihishia Kiingereza: "Mama, huyu anampenda mwanao kupita kiasi, ndiyo maana anamwita mbaya."

Asante kwa kutoifuta blogu hata ulipokuwa na uchungu, maana ungeifuta, bosi asingeyaona maneno yangu. Na eti sasa yeye mwenyewe humwamsha mwanawe kwa, "We mbaya, wewe!" Bibi alicheka mpaka tambuu aliyokuwa akitafuna ikamdondoka.

Nimemsomea barua hii. Amesema, "Aa, mbaya hii! Hata kuku wangu hataki kuisikia."

Basi naituma upesi, kabla hajateleza akaisifu.

Mwanao akupendaye,
Waan