Koleo Halikuteleza

Mzee Eliya,

Leo ni Jumamosi. Tumeshapewa posho na wenzetu wanafua nguo kwenye tangi la maji. Mimi nimekaa mlangoni mwa chumba chetu hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kitanda chako amepewa mtu mgeni kutoka Machakos, anakoroma kukushinda.

Wewe hukujua kusoma, na sasa umekufa, kwa hiyo najua barua hii haina njia ya kukufikia. Lakini nisipoiandika nitapasuka.

Hapa Longonot upepo ni ule ule, vumbi tunalila pamoja na ugali. Nyapara amenipa kazi yako ya kuwaitia watu wakati wa kubeba reli. Siku ya kwanza niliita, "Shika! Inua!" Hakuna aliyesogea. Otieno akasema, "Mwalimu, umeruka neno." Alisema kweli. Wewe ulianza na "Inama!" Kila mgeni ulimwambia kwamba reli haiinuliwi na mtu aliyesimama wima, na asiyeinama huwaachia wenzake uzito wake. Nilijaribu kuliita neno hilo, halikutoka.

Wewe unajua sababu. Wenzetu hawajui.

Unakumbuka Jumapili ile ya mwisho? Kama kawaida ulileta Biblia yako ndani ya kile kipande cha gunia la unga. Kama kawaida ulipiga magoti vumbini, ukaomba yale maombi yako mafupi, "Bwana, sisi ni vipofu, tushike mkono," halafu ukaninyooshea Kitabu nisome. Sisi sote tulikuwa tukipiga magoti nawe. Siku ile mimi nilibaki nimesimama. Otieno akanitania, "Mwalimu, leo goti limeingia kutu?" Nikajibu, na wote wakasikia, kwamba magoti ni ya watu wasiojua kusoma. Mimi nina darasa la nne, macho yangu yanatosha.

Hukukasirika. Ulisema tu, "Macho yako yanafika kwenye karatasi, mwanangu. Kutoka hapo mbele utapelekwa na nani?"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini mimi kicheko kile nililala nacho na kuamka nacho. Mtu asiyejua hata kuandika jina lake alikuwa amenifunga mdomo mbele ya gengi zima.

Kesho yake tukabadilisha reli kwenye kona. Tuliibeba vizuri. Ulisimama upande wangu na mtaimbo wako, tayari kuisukuma ikae juu ya mataruma ya mbao. Ukaita, "Inama!" ili tuishushe pamoja. Wote wakainama. Mimi nilisikia sauti yako, nikasema moyoni, huyu mzee leo hataniinamisha. Nikaliachia koleo langu la kushikia reli nikiwa nimesimama.

Uzito ulikuja wote upande wangu. Reli ikagonga taruma, ikaruka, ikakushukia pajani na kukubana chini. Mlio wa mfupa ule bado nausikia.

Tulikupakia kwenye troli hadi stesheni, halafu ukapelekwa hospitali ya Nakuru. Siku ya pili nyapara alinichukua tukaja kukuona. Alikuuliza ilikuwaje. Ulikuwa umekauka midomo. Ulinitazama, kisha ukasema, "Muulize Petro."

Mzee, ulinifungulia mlango. Nilijua hivyo saa ile ile. Nikamwambia nyapara, "Koleo liliteleza." Ukafumba macho. Hukunipinga, hukuniita mwongo. Siku ya tatu ukafa.

Mama Rahabu, mke wako, alifika kuchukua vitu vyako. Alibeba blanketi, sufuria na koti. Biblia akanikabidhi mimi kwa mikono miwili, akasema, "Wewe utaisoma vizuri, alikuwa akikusifu sana." Niliipokea. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Tangu hapo nasoma kila Jumapili. Herufi nazijua zote, hakuna neno linalonishinda, lakini ni kama kutafuna pumba. Wale wenzetu wasiojua hata herufi moja wanatoka wameshiba, mimi niliyewapakulia natoka na njaa. Jumapili iliyopita nilifungua mahali pa wale watu wawili waliokwenda hekaluni kuomba, mmoja akisimama na kujisifu, mwingine akiwa mbali, hathubutu hata kuinua macho. Nilifika kwa yule wa kwanza, sauti ikakatika. Otieno akawaambia wengine, "Mwacheni, anamlilia mzee." Wakanishika mabega, wakaniita mtu wa Mungu. Hata dhambi yangu imenipatia sifa.

Nimejaribu kujirekebisha peke yangu. Nimefunga kula, nimekariri sura nzima. Siwezi. Nguvu za kusema ukweli sina, nimezitafuta ndani yangu sikuziona. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ulikuwa ukiomba kwanza ndipo ufungue. Mimi nilidhani ni woga wa mtu asiye na shule.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kukifungua kile kipande cha gunia, nitapiga magoti pale pale vumbini na kusema maneno yako. Halafu, kabla sijainuka, nitawaambia kwamba koleo halikuteleza. Nyapara anaweza kunifukuza, au kunipeleka polisi. Kwetu Maragoli wanangoja mshahara wangu. Otieno labda hatanisalimu tena. Mama Rahabu nitamfuata mwenyewe hadi kwenu Kuresoi, nimrudishie Kitabu, na akitaka kunitemea mate, ni haki yake.

Naogopa sana, Mzee. Siwezi kukuahidi kwamba nitaweza. Nakuahidi tu kwamba safari hii utakapoita, nitainama.

Lala salama, baba.

Mimi,
Petro